MAMBO YA NYUMBANI: Kibuyu cha Maziwa Kisiwe Pambo la Ukutani

Juma hili nataka tuzungumze, wasomaji wangu, juu ya chombo kimoja ambacho wazee wengi wa Kajiado walikinywea maziwa utotoni mwao, na ambacho wajukuu wao wa Kitengela wakijua kwa kukiona kimetundikwa ukutani mwa hoteli. Chombo hicho ni kibuyu cha maziwa, ambacho kwa Kimasai huitwa enkukuri.

Sikukichagua kwa sababu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote tunavyovipoteza. Nimekichagua kwa sababu ukikifuata kibuyu tangu shambani mpaka kinywani mwa mtoto, utaona jinsi kazi za nyumba zilivyoshikamana, na jinsi ujuzi wa miaka mingi uwezavyo kutoweka pasipo mtu yeyote kukata shauri la kuuacha. Mali ikiibiwa watu hupiga kelele. Lakini ujuzi ukiondoka hauna kelele. Hutoka nyumbani polepole pamoja na jeneza la bibi.

Tuanze na mahali penyewe. Jina la Kajiado latokana na maneno ya Kimasai, Olkeju-ado, maana yake mto mrefu. Nchi hii ni sehemu ya ile waliyobakishiwa Wamasai baada ya mapatano ya mwaka 1904 na 1911, walipohamishwa kutoka Laikipia kuja kusini. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya ranchi za vikundi, na baadaye ranchi hizo zikaanza kugawanywa, kila mtu akapata kipande chake na hati yake. Kisha, mwaka 1990, likaanzishwa eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo huko Athi River, karibu sana na Kitengela, na watu wakaja kutafuta kazi na mahali pa kulala. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya mwaka 2019 ikaonyesha 1,117,840, na katika hao 154,436 walikuwa katika mji wa Kitengela. Palipokuwa malisho pamekuwa maduka, nyumba za kupanga na nyua za mawe.

Siandiki haya kwa kumlaumu mtu. Aliyeuza ekari moja apate karo ya mwanawe ana sababu yake, na aliyeinunua apate kujenga ana sababu yake pia. Nataka tu tuelewe ya kwamba desturi za nyumbani hazining'inii hewani. Zina miguu, na miguu yake ni ardhi, miti, mifugo na saa za mama. Ukiikata miguu hiyo, usishangae desturi ikianguka.

KAZI YA KUTENGENEZA KIBUYU

Kibuyu ni tunda la mmumunye, mmea utambaao juu ya ua au juu ya mti. Wamasai wa zamani hawakuwa wakulima, kwa hiyo vibuyu vingi walivipata kwa jirani zao Wakikuyu na Wakamba, kwa kubadilishana na ngozi na mifugo. Hata katika nyakati ambazo vijana wa Kimasai na wa Kikuyu walikuwa wakipigana, wanawake wa pande zote mbili waliweza kupita kwa amani na bidhaa zao, maana kila upande ulihitaji cha mwenzake. Basi kibuyu cha maziwa cha Mmasai ni mtoto wa makabila mawili: mkulima alikiotesha, mfugaji akakipa kazi. Nadhani jambo hilo lafaa kukumbukwa katika mji kama Kitengela, ambamo makabila yote ya Kenya hukaa mlango kwa mlango.

Tunda likikomaa huachwa mpaka likauke na ganda lake liwe gumu kama mti. Kisha hutobolewa juu, mbegu hutolewa, na ndani hutiwa maji na kuachwa yakae, yakamwagwa, yakatiwa mengine, mpaka uchungu wote utoke na nyama iliyobaki ikwanguliwe. Kazi hii haipendi haraka. Mwenye pupa atakunywa maziwa machungu, na kila mgeni atajua ni nyumba ya nani. Baadaye hushonwa mikanda ya ngozi ya kubebea na kifuniko cha ngozi, na mwenye mkono wa ufundi hupamba kwa shanga au kauri.

Lakini ujuzi wenyewe hasa umo katika moshi. Mama huchukua kijiti cha mti uitwao kwa Kimasai oloirien, yaani mzeituni wa mwitu, akakichoma motoni mpaka ncha iwe kaa jekundu. Hukiingiza kijinga hicho ndani ya kibuyu na kukizungusha huku akikisugua ukutani, moshi ukajaa, makaa yakasagika yakawa unga. Kisha hukikung'uta, na kwa ufagio mdogo wa nywele za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwenye kijiti, husugua mpaka kuta za ndani zing'ae na kunukia. Hapo ndipo maziwa humiminwa.

Msomaji karani, uliyesoma sayansi, usicheke. Moshi wa kuni una vitu vizuiavyo vijidudu, ndiyo maana mataifa mengi duniani hukausha samaki na nyama kwa moshi. Makaa nayo hufyonza harufu mbaya. Na joto la kijinga hukausha unyevu uliobaki, na unyevu ndio rafiki mkubwa wa uozo. Bibi zetu hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na pua na ulimi, na walikuwa na watoto ambao afya yao ndiyo iliyokuwa mtihani. Maziwa yaliyotiwa katika kibuyu kilichofukizwa vyema hukaa, na yakiachwa siku kadhaa huganda yakawa yale waitayo kule naoto, maziwa ya kuchacha yenye ladha ya moshi. Wataalamu wa vyuo wameyapima maziwa hayo na kukuta ndani yake bakteria wale wale wazuri wanaotumiwa katika viwanda kugandisha maziwa.

Waswahili husema la kuvunda halina ubani, yaani kilichokwisha kuoza hakiwezi kuponywa kwa harufu nzuri. Mama wa Kimasai aliijua maana ya methali hiyo bila kuisikia, kwa sababu alikifukiza chombo kabla ya maziwa kuingia, hakungoja yaharibike.

KIBUYU NA HESHIMA YA MAMA

Sasa tutazame jambo lililo ndani zaidi. Katika boma la Kimasai, ng'ombe husemwa kuwa ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke. Yeye ndiye mkamuaji, yeye ndiye agawaye: hiki cha mzee, hiki cha mgeni, hiki cha mtoto mdogo. Nyumba yenyewe ameijenga yeye kwa mikono yake, kwa fito alizozikata na samadi aliyoikandika. Kwa hiyo safu ya vibuyu iliyokuwa karibu na kitanda chake ilikuwa kama ghala na kama daftari. Aliyeitazama alijua nyumba ina nini, na nani anahesabiwa ndani yake.

Maziwa yalipoanza kuuzwa mjini, chombo kilibadilika, na pamoja na chombo yakabadilika mengine. Kibuyu hakipandi pikipiki vyema. Mtungi wa plastiki hupanda. Maziwa ya asubuhi yakaenda Kitengela na Kajiado mjini, na yaliyobaki nyumbani yakapungua. Mara nyingine fedha nazo zikaingia katika mkono usiokuwa wa mkamuaji. Mtaalamu mmoja wa Norway, bibi Aud Talle, aliyekaa na Wamasai wa wilaya ya Kajiado, alitoa kitabu mwaka 1988 juu ya jambo hili hili, yaani jinsi mabadiliko ya ufugaji yalivyowapotezea wanawake sehemu ya mamlaka waliyokuwa nayo. Jina alilokipa kitabu hicho lasema wazi kwamba wanawake wamepata hasara.

Mwaona, basi, ya kuwa twazungumza juu ya jambo kubwa kuliko tunda kavu. Mama akipoteza kibuyu pasipo kupata kitu cha kukijaza mahali pake, amepoteza na kiti chake katika baraza ya nyumba. Kwa hiyo wanaume wanisomao nawaomba jambo moja: kama maziwa ya nyumba yako huuzwa, hakikisha kwamba aliyeamka saa kumi na moja kukamua ndiye ajuaye bei na ndiye apokeaye fedha, au walau mnapokea na kupanga pamoja. Hiyo nayo ni mila, tena ni ya zamani.

YAPI TUYAACHE YAENDE

Sipendi kuandika kama wale wazee wasemao kwamba kila cha zamani kilikuwa kitamu. Si kweli. Nyumba ya zamani isiyo na dirisha ilijaa moshi, na moshi ule ule uliofaa ndani ya kibuyu uliumiza macho na mapafu ya mama. Ugonjwa wa trakoma umewasumbua sana watu wa Kajiado na Narok, na maji machache na nzi wengi vilikuwa sehemu ya sababu. Mwenye kuweka dirisha na bati la kukingia maji ya mvua hakuitupa mila, ameifunza adabu. Kadhalika desturi ya kuwakeketa wasichana imekatazwa kabisa kwa sheria ya mwaka 2011, na ni haki ikatazwe. Mtu asije akaificha chini ya blanketi la utamaduni na kudai inafanana na kibuyu. Haifanani. Kibuyu humnywesha mtoto, kisu humjeruhi.

Tena maziwa mabichi yaweza kuleta maradhi, kama homa ya kutupa mimba ya ng'ombe na kifua kikuu, na moshi hauwezi kuyaondoa yote. Basi iliyo salama ni hii: chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe, kisha uyatie katika kibuyu kilichofukizwa, na uchanganye na maziwa kidogo yaliyoganda ya jana ili yapate kushika. Ladha itabaki, hatari itaondoka.

Yapo na mambo ambayo neno limebaki ila ujuzi umekwenda. Kila Mmasai alijua zamani kuwasha moto kwa kupekecha kijiti kigumu juu ya ubao mwororo. Kijiti hicho ndicho olpiron, na kwa sababu hiyo wazee wanaowalea vijana wa rika jipya huitwa wazee wa olpiron, maana wao ndio huwawashia moto wao. Leo jina hilo latajwa katika mikutano, lakini ukiuliza ni nani awezaye kupekecha moto mbele ya watu, wengi watatazama chini. Silii juu ya hilo, kiberiti ni kitu chema. Lakini kijana apewe walau nafasi moja ya kujaribu, apate malengelenge mkononi, aelewe kwa nini babu zake waliuheshimu moto kiasi cha kuufanya undugu.

Na yapo mambo madogo yasiyogharimu hata senti. Mtoto wa Kimasai humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye mkubwa huweka kiganja juu yake. Mji haukuikataza salamu hiyo. Imepungua kwa sababu wazazi hurudi usiku wamechoka, na asubuhi mtoto huondoka kabla jua halijatoka. Salamu haihitaji ekari wala ng'ombe. Yataka kichwa kimoja na mkono mmoja.

KWA NINI SHANGA ZIKASALIA

Mtu aweza kuniuliza: mbona kazi ya shanga haikufa? Swali jema, na jibu lake lafundisha. Shanga za kioo zenyewe zilitoka ng'ambo, zikaletwa na biashara. Kabla ya hapo watu walijipamba kwa mbegu, mifupa, udongo na chuma cha wahunzi. Maana yake ni kwamba mila ilikubali kitu kigeni ikakifanya chake. Kisha wakaja watalii, yakaja masoko ya Nairobi, na wanawake wakaunda vikundi wakauza. Binti akaona mama yake ananunua unga na daftari kwa shanga, naye akaketi karibu akajifunza. Ufundi huishi kwa njia mbili tu: uwe na kazi nyumbani, au uwe na mnunuzi nje. Kibuyu kilinyang'anywa kazi nyumbani na plastiki, na mnunuzi wake wa nje hununua pambo, hanunui chombo. Kibuyu cha pambo hakihitaji kufukizwa, kwa hiyo ganda limebaki na maarifa yamemwagika. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Serikali na ulimwengu havikulala kabisa. Bunge la Kenya lilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliziandika sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haimfundishi binti kuzungusha kijinga ndani ya kibuyu. Hilo hufanyika jikoni, na jikoni hakuna mjumbe wa UNESCO. Yupo mama, yupo bibi, na upo muda mfupi.

MASHAURI YANGU

Mkulima, nakushauri kwanza upande mmumunye mmoja kando ya ua wako. Hautaki shamba, wataka mvua, ua wa kupanda, na subira. Waache matunda mawili matatu yakaukie juu. Ukiwa na mti wa mzeituni wa mwitu katika kipande chako, usiukate kwa makaa ya kuuza. Mti huo hukua polepole sana, na aukataye leo amekata pia wa mjukuu wake. Kata vijiti vya kufukizia, uache shina. Na kama huna, tafuta miche uuoteshe.

Karani ukaaye katika nyumba ya kupanga Kitengela, najua huna ng'ombe wala jiko la kuni. Lakini una likizo, na una mtu mzima kijijini, awe wa Kimasai, wa Kikamba mwenye kusuka kiondo, au wa pwani mwenye kusuka ukili. Likizo ijayo usimpeleke mtoto kwa bibi akakae na simu. Mpe kazi: ajifunze kitu kimoja cha mkono, akimalize, arudi nacho. Kimoja tu. Akirudi na kibuyu kilichopinda, kitundike mahali pa heshima, kisha mwaka wa pili mpeleke tena akatengeneze kilichonyooka. Samaki mkunje angali mbichi.

Nanyi walimu, mna saa za kazi za mikono katika mtaala. Badala ya kuwaambia watoto walete picha za vyombo vya zamani walizokata magazetini, mwiteni mama mmoja wa jirani aje na kijinga chake. Mlipeni nauli na mumpe kiti cha mbele, kwa maana siku hiyo yeye ndiye mwalimu. Watoto watakaosikia harufu ile ya moshi na maziwa hawataisahau, na harufu ni mwalimu asiyechoka.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mchakavu, lakini ni wako. Msala wa mwenzio ni mzuri, lakini waweza kuondoka naye. Plastiki imekuja, na siku moja yaweza kupigwa marufuku, kama mifuko yake ilivyopigwa marufuku hapa Kenya mwezi wa Agosti mwaka 2017. Siku hiyo tutamtafuta ajuaye kufukiza kibuyu. Ni heri tumtafute sasa, angali yupo na nguvu za kuketi jikoni.

Wasomaji wa Isinya, Bissil, Namanga, Ngong na kwingineko, niandikieni. Nielezeni kwenu maziwa yalihifadhiwaje, kwa mti gani, na ni nani katika nyumba yenu angali anajua. Barua iwe fupi, na ieleze kazi yenyewe hatua kwa hatua, ili asomaye aweze kuijaribu. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya ngozi ya ng'ombe: jinsi ilivyowambwa, ilivyokwanguliwa, na jinsi ilivyokuwa kitanda na vazi kabla ya godoro na shuka.